Kionjo cha Sehemu ya Kumi na Mbili

Sehemu ya kumi na mbili ya *Penzi la Ghorofa ya Tisa* sikuwahi kuiangalia. Naanza na hilo maana nimechoka kuulizwa. Niliishia ya tisa, pale yule kaka mwenye koti jeupe anapomkimbilia mchumba wake kwenye lifti na lifti inakwama. Mama yangu alikuwa amekaa ubavuni kwangu, akasema, "Huyu naye akili hana, si apande ngazi?" Tukacheka. Wiki ile ile mama akafariki. Kazini nilirudi baada ya wiki tatu, lakini tamthilia ile sikuigusa tena.

Kwa hiyo Mama Tunu alipokuja kunishukuru kwa machozi yangu ya sehemu ya kumi na mbili, nilidhani kakosea nyumba.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mwezi wa tatu tangu mazishi. Nilikuwa kibarazani kwangu hapa Ngamiani napepeta mchele. Mtu akaegesha baiskeli ukutani.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Siwatu? Yule wa vionjo?"

"Ndiye mimi."

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, aproni ya mpishi wa shule bado iko kiunoni. Shingoni alivaa ukanda wa kizamani, ule mpana, ameushonea kipande cha kanga usimkwaruze. Hakukaa. Alinishika mikono yote miwili akaanza kulia palepale, majirani wanaona.

Wageni wa namna hiyo nimewazoea. Kuna mzee aliwahi kutoka Muheza kuja kunigombeza, eti kicheko changu kilimfanya aangalie sehemu nane za kichekesho ambacho yeye hakikumchekesha hata mara moja. Nikampa chai akaenda zake. Lakini huyu hakuja kwa ugomvi.

"Nina miaka saba tangu nimzike binti yangu, Tunu," aliniambia baada ya kumkalisha kwa nguvu. "Miaka saba sijatoa chozi, mwanangu. Ndugu zangu wakasema nina moyo mgumu. Mume wangu akasema, mpaka akaondoka. Nami nikaamini, labda kweli mimi si mtu. Juzi mwalimu mmoja akaniambia, hebu vaa kionjo cha Siwatu cha sehemu ya kumi na mbili. Nikavaa jikoni, huku wali uko motoni. Wallahi nililia mpaka nikakaa chini. Wali ukaungua, watoto mia tatu wakala wali wa kuungua, na hakuna aliyenigombeza."

"Alhamdulillahi," nilisema. Moyoni najiuliza, sehemu ya kumi na mbili?

"Sasa nakivaa kila siku baada ya alfajiri. Nalia kidogo, naosha uso, naenda kazini. Kwa hiyo nina ombi. Nasikia vionjo vya zamani mnaviondoa. Hiki niachie. Niahidi hutakiondoa."

Ungefanya nini wewe? Mtu mzima analia mbele yako, anakushika mkono.

"Sitakiondoa, mama. Nakuahidi."

Akajifuta uso kwa aproni, akainuka. Alipofika kwenye baiskeli akageuka.

"Ila kuna kitu kinanishangaza. Yule dada kwenye tamthilia analia kwa kuachwa na mchumba, yuko kwenye ngazi. Mbona mimi nikilia nasikia maji mikononi? Hapa." Akagusa vifundo vya mikono. "Maji ya uvuguvugu. Na kwa mbali sana, harufu ya karafuu maiti."

Ungo ulinitoka mkononi, mchele ukamwagika kibaraza kizima.

*

Kwa asiyeijua kazi yetu, niieleze kidogo, wala si ngumu.

Zamani watu walishauriana kwa mdomo: angalia hii, ile achana nayo. Baadaye wakawa wanaandikiana. Kisha mashine zikajifunza kuandika kama watu. Zikasifu, zikaponda, zikagombana zenyewe kwa zenyewe juu ya tamthilia ambayo hakuna binadamu aliyeiona, mpaka ikawa ukikuta nyota tano unajua hamna kitu. Watu wakaacha kuamini neno. Wanachoamini sasa ni mwili.

Nyuma ya sikio langu la kulia, chini ya ngozi, nina kipunje. Ni kidogo kama punje ya uwele. Hakijui ninachowaza. Kinajua moyo unavyokwenda, koo linavyokaba, ngozi inavyosisimka, kama nina njaa, kama mbu kaniuma. Mimi naangalia tamthilia, kipunje kinachukua. Kisha mchujaji anaondoa takataka, yaani hiyo njaa, huyo mbu, harufu ya samaki wa jirani. Kinachobaki anakikata sekunde arobaini na kukipeleka Dirisha, kampuni inayoonyesha tamthilia karibu pwani nzima. Wewe huko nyumbani unavaa ukanda shingoni unahisi nilivyohisi, kwa mbali, mfano wa redio ya chumba cha pili. Kisha unaamua mwenyewe, uangalie au ulale. Mimi naitwa muonjaji. Mwayo wangu mmoja uliwahi kuzima tamthilia iliyokuwa inasifiwa hadi Bara.

Kinachowasha kipunje ni bangili, na bangili muonjaji haishiki. Hiyo ndiyo kanuni. Ukijua unachukuliwa, mwili unaanza kujipendekeza. Kwa hiyo bangili anakaa nayo mchujaji wako, anaiwasha na kuizima bila kukuambia, na wewe huulizi. Ndiyo maana mchujaji huokoti mtu yeyote. Unamchagua yule ambaye hata ukilala mdomo wazi mbele yake huna wasiwasi.

Wangu alikuwa Mwanakombo. Shoga yangu tangu madrasa, tangu tunachapwa fimbo moja kwa kucheka wakati wa kusoma. Miaka kumi na moja bangili yangu ilikuwa mkononi mwake, na sikuwahi kumuuliza hata siku moja kama imewaka.

Siku ya msiba pia sikuuliza.

*

Muonjaji havai kionjo chake mwenyewe. Ni mwiko wetu. Ukishajihisi kwa nje, kesho utaanza kujiigiza. Siku ile niliuvunja. Nilifunga mlango, nikavaa ukanda wa mama uliokuwa bado unaning'inia kwenye msumari wake, nikaomba sehemu ya kumi na mbili.

Haikupita sekunde ya tatu nikajua.

Ya chumba kile sitayasema. Anayeosha maiti anafunga mdomo, na mimi nimefunga, hata kwako unayesoma. Nitakuambia ya mikono yangu na shavu langu tu, maana hivyo ni vyangu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yananipita vifundoni. Khalati yangu Zena, dada yake mama, alikuwa anatuongoza, akaniambia, "Siwatu, jikaze, machozi yasimdondokee mamako." Nikajikaza kisabuni. Nikalishika shavu langu kwa ndani kwa meno, nikalishika mpaka nikasikia chumvi ya damu, na kilio kikabaki kifuani kinazunguka hakina pa kutokea.

Kilio hicho hicho ndicho kilichokuwa shingoni kwangu sasa, sekunde arobaini, chini ya picha ya dada wa wanja anayelia kwenye ngazi za ghorofa kwa sababu kaka wa koti jeupe kamrudishia pete.

Kilikuwa kimechujwa vizuri. Sauti ya Khalati haikuwepo, uchovu wa miguu haukuwepo. Lakini maji yalikataa kutoka. Yalikuwa yamenata kwenye machozi, na karafuu maiti nayo imenata kwenye maji.

Na chumbani mle tulikuwa wanawake watatu tu. Mimi, Khalati Zena, na aliyeshika kata ya kumiminia. Mama alikuwa akimwita mwanangu, kwa hiyo hatukuona vibaya akiingia. Aliyekuwa ananimiminia maji alikuwa Mwanakombo.

*

Chumba chake cha kuchujia kiko Chumbageni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Nilifika mchana. Alikuwa amekaa mbele ya mashine yake, kanga mabegani, kijiko mkononi.

"Umekula?" Ndivyo alivyonipokea.

"Mwanakombo, siku ya mama bangili ilikuwa imewaka?"

Aliweka kijiko. Aliweka polepole mno kwa mtu asiye na la kuficha.

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Nilisahau kuizima. Naapa kwa Mungu, Siwatu, mwanzo nilisahau. Nani angekumbuka bangili siku ile?"

"Na baada ya mwanzo?"

Chini dukani mtu alikuwa anajaribu kengele za baiskeli, moja baada ya nyingine.

"Niliivua nikaitia mkobani, na tulipokuwa ndani nikaiona taa yake imewaka," alisema hatimaye. "Nilikuwa na kata mkononi. Ningefanyaje, niache kumimina niende kwenye mkoba? Nikasema nitafuta baadaye."

"Na hukufuta."

"Ulikauka!" Sasa na yeye sauti ikapanda. "Umerudi kazini umekauka kabisa. Wiki sita unaniletea vionjo havina kitu, mkavu kama ukuta huu. Mauaji, hamna. Harusi, hamna. Dirisha wakaniandikia mara mbili, wakasema wanakuondoa. Nikasema, huyu kampoteza mama, akipoteza na kazi atabaki na nini? Na machozi yapo. Ya kweli. Yako mwenyewe! Sikuiba ya mtu mwingine, sikutengeneza kwa mashine. Niliyahamisha tu."

"Uliyahamisha."

"Nilikuwa nakuokoa, shoga."

Jamani. Ningependa kukuambia nilimjibu kitu kizito. Nilichomwambia ni, "Usiniite shoga," na sauti ikanikatika katikati, nikachukia kwamba imenikatika mbele yake. Mtu ukigeukwa na adui unakasirika, basi. Huyu alikuwa anajua mama alipenda chai ya namna gani. Nilijiona mjinga, mjinga kabisa, wa kuchekwa na kuku.

"Sekunde arobaini tu, Siwatu," akasema kwa upole, kama anayenibembeleza. "Zile nyingine sijazigusa."

"Nyingine zipi?"

Aliona amekosea kusema. 

"Zipo ngapi, Mwanakombo?"

"Dakika hamsini na mbili."

Nilikaa sasa. Nilikaa sakafuni. Kila kinachopita kwenye bangili kinakwenda chenyewe kwenye ghala la Dirisha, na hilo nalijua tangu siku ya kwanza ya kazi. Kwa hiyo mama yangu kuoshwa kwake kote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kulikuwa huko ghalani, kama ngozi yangu ilivyokupokea. Leo sekunde arobaini za mapenzi ya ngazini. Kesho wakitaka machozi ya tamthilia nyingine, wanajua pa kuchota.

"Zifute."

"Siwezi, na unajua siwezi. Muonjaji hafutiwi kipande. Wanafuta wakithibitisha udanganyifu tu, na wakifuta wanafuta vyote, miaka kumi na moja yote. Na vile vya bega, Siwatu. Fikiri."

Alijua pa kunigusa. Mama alikuwa akikaa nami kila nilipokuwa naonja, upande wa kushoto, ameniegemea. Kwenye vionjo vyangu vyote vya zamani bega la kushoto lina joto, na akicheka linatikisika. Mwanakombo hakuwahi kulichuja. Watazamaji walilizoea, wakawa wanauliza, "Leo bibi hayupo?" Picha za mama ninazo. Uzito wake niliubakiza huko tu.

"Halafu utawaambia nini watu?" aliendelea. "Wakuamini kwa lipi? Itabidi useme machozi yale ni ya wapi. Utayatoa ya chumbani? Wewe, Siwatu, mtoto wa mama yako?"

Alikuwa na uhakika nitanyamaza. Kanijua miaka thelathini, akachukua kile anachokijua akanifungia nacho mlango.

Nilinyanyuka nikateremka ngazi. Nikamsikia juu ananiita, "Chakula je?"

*

Jumatano sikutoka. Nilivaa ukanda wa mama nikaomba kichekesho kimoja cha miaka minne nyuma, kibaya kweli, cha wakwe wawili wanaogombea jogoo. Bega likapata joto. Likatikisika. Nilikirudia mara nyingi, sikuhesabu.

Kisha nikawaza kitu. Mama alikuwa hana aibu na tamthilia mbaya. Jirani akija na sifa zake, "Bibi, hii lazima uione," mama ataangalia mpaka mwisho, kwa heshima, halafu atamwambia usoni, "Mwanangu, umenipotezea jioni yangu." Hakuwahi kusifu asichokipenda, hata kwa mgeni, hata kwa kumridhisha mtoto. Na sasa kuoshwa kwake kwa mwisho duniani kulikuwa kunasifia kaka wa koti jeupe.

Nilimkumbuka Mama Tunu pia. Nilimkumbuka sana. Wali wake, aproni yake, ahadi yangu. Nilitafuta njia ya kumwachia yeye tu, nikaitafuta mpaka kichwa kikauma. Haikuwepo.

Nikamtumia Mwanakombo ujumbe: Njoo kesho kama kawaida.

*

Kila Alhamisi baada ya alasiri nina baraza la moja kwa moja. Natazama kitu na watu wamevaa kanda zao majumbani, tunahisi pamoja, tunabishana kwa maandishi. Siku hiyo walikuwa zaidi ya laki mbili.

Mwanakombo alikuja na sahani ya vitumbua imefunikwa kawa. Aliniangalia usoni kutafuta hali ya hewa. Nikampa tabasamu. Wallahi nilimpa tabasamu, na hilo peke yake katika haya yote ndilo ninalolionea haya.

"Leo tufanye bila chujio," nikamwambia. "Watu wapate ladha yenyewe."

Macho yakamjaa maji. "Umerudi," akasema. Akaondoa chujio, akawasha.

"Haya ndugu zangu, hamjambo," nikaanza. "Wengi mmenisifia kionjo cha sehemu ya kumi na mbili ya *Penzi la Ghorofa ya Tisa*. Leo tunaiangalia wote."

Mkono wa Mwanakombo ukaenda kwenye bangili ukasimama juu yake.

"Ukizima watajua," nikamwambia bila kugeuka.

Hakuzima.

Nikaangalia. Toba! Nilidhani angalau itakuwa mbaya ya kuchekesha. Dada wa wanja anashuka ngazi ghorofa tisa, kila ghorofa anasimama, analia, anaendelea. Ghorofa ya saba nikaanza kusikia njaa kwa harufu ya vitumbua. Ya tano mbu akaniuma kwenye kisigino, nikajikuna, na laki mbili za watu wakajikuna. Ya tatu nikapiga mwayo wa kutoa machozi, hayo ndiyo machozi pekee. Kaka akarudisha pete. Nikasikia mguu umekufa ganzi.

Maandishi yakaanza kumiminika. *Mbona hakuna kitu?* *Dada Siwatu unaumwa?* *Mbona mara ya kwanza ulilia hivyo?* *Hivi vitumbua ni vya nazi?*

"Hiki ndicho kionjo changu cha sehemu ya kumi na mbili," nikasema. "Nimeiona leo mara ya kwanza. Kile mlichokuwa mnavaa si cha tamthilia hii. Machozi ni yangu, ya kweli, lakini si yake. Ni ya nini, sitasema, na mnaonipenda msiniulize. Nawaomba Dirisha wakifute. Naijua kanuni. Wafute vyote."

Halafu nikageuka nikamwangalia Mwanakombo.

Sikupanga hilo. Nilitaka kumaliza tu. Lakini alikuwa amekaa pale, sahani ya vitumbua mapajani, uso ule ule wa madrasa, na mwili wangu ukafanya ulichofanya bila chujio. Sijui niite nini. Meno yakalishika shavu kwa ndani kama siku ile, na bega la kushoto, lile la mama, likajikunja lenyewe kama linasubiri kupigwa. Na katikati ya yote hayo, nikitaka nisitake, kulikuwa bado na mapenzi. Ndiyo yaliyouma kuliko vingine.

Maandishi yakasimama.  Kisha mtu mmoja, sijui ni nani, sijui yuko wapi, akaandika: *Nani kakufanyia hivi?*

Mwanakombo aliyasoma. Alikuwa na ukanda wake shingoni, wachujaji huvaa wakiwa kazini. Alikuwa amehisi vyote.

"Zima," nikamwambia.

Miaka kumi na moja sikuwahi kumwambia neno hilo. Akazima. Akavua bangili akaiweka juu ya kawa, akatoka, na sikumsindikiza.

*

Ijumaa kabla ya swala ya alfajiri walikuwa wamefuta. Vionjo vyangu vyote, na ghalani pia, na barua ya kuthibitisha wakaleta. Dakika hamsini na mbili hazipo tena popote isipokuwa vichwani mwa wanawake watatu, panapostahili. Nilivaa ukanda wa mama kujaribu. Bega lilikuwa bega tu. Watu wamenitukana vya kutosha, tapeli, mnafiki, mwigizaji, na siwalaumu, maana kwao kweli walidanganywa.

Jumamosi asubuhi baiskeli ikaegeshwa ukutani. Safari hii hakupiga hodi. Alisimama tu chini ya kibaraza.

"Uliniahidi," alisema Mama Tunu.

"Nilikuahidi, mama."

"Nimevaa alfajiri. Hakuna kitu. Kimya."

"Nisamehe."

"Jana nimepika nimepika, machozi hayaji. Nimerudi kuwa vile vile." Hakuwa na hasira hata. Ningeiweza hasira. "Yalikuwa ya nani yale maji, mwanangu? Niambie tu ya nani, niende."

"Siwezi, mama. Ningeweza ningekwambia wewe wa kwanza."

 Ni mtu mzima, kazika, na ile harufu aliijua kabla yangu. Naamini alielewa palepale, maana aliinamisha kichwa na hakuuliza tena. Akapanda kibarazani akaketi kwenye mkeka.

Nikaingia ndani. Nikatia maji ya moto ya chupa kwenye ndoo, nikachanganya na ya baridi, nikajaribu kwa kifundo cha mkono mpaka yakawa yale yale. Karafuu maiti sikutia, hiyo ina mahali pake. Nikachukua kata na beseni nikatoka.

"Nyoosha mikono, mama."

Akanyoosha. Nikamimina vifundoni, mara ya kwanza, ya pili. Alikuwa anayaangalia maji yanavyoanguka kwenye beseni. Ya tatu akayakinga kwa viganja.

"Tunu," akasema.

Kisha kilio kikaja, chake mwenyewe, kikubwa, bila ukanda. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakatoka, nami sikuacha kumimina. Nilimimina kama nilivyomiminiwa mimi siku ile, taratibu, mkono umetulia, bila kurusha hata tone. Haki yake nimpe Mwanakombo. Alimimina vizuri sana.